Duara Jekundu Kwenye Kwiri ya Elina

Kwa miaka kumi na mmoja, mtu akikwama katika ofisi ya ushirika wa wafugaji pale Bariadi alipewa jibu moja tu: "Muulize Mama Precious." Fomu imepotea, muulize Mama Precious. Kaya ya fulani imehamia kata gani, muulize Mama Precious. Hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga, mgeni akimzidi kwa maswali alinyoosha kidole kwenye dirisha la pili na kusema hayo hayo.

Jina lake hasa lilikuwa Specioza Ngeleja, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye miwani ya kusomea aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Alianza kazi mwaka uleule Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, enzi ambazo kumbukumbu za ng'ombe ziliandikwa kwenye kaunta buku, na panya ndio waliokuwa wasomaji wake wakuu. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wawili wa rika lake waliomba wahamishiwe stoo. Specioza hakwenda popote. Alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, namna ya kuandika amri za kuingiza kumbukumbu kwenye kanzidata, na akaziandika moja moja mpaka vidole vikazijua kama vilivyoijua rozari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maofisa wa uwandani walizunguka vijijini wakiwavisha ng'ombe hereni za plastiki zenye namba, kisha wakajaza fomu: namba ya hereni, rangi, dume au jike, zizi la kaya gani, kijiji gani. Lakini kanzidata haitaki majina, inataka namba ya mwenye mali. Kwa hiyo Specioza alisoma jina kwenye fomu, akatafuta namba yake kwenye orodha ya wafugaji, akaiandika ndani ya amri, akabonyeza. Ng'ombe mmoja, amri moja. Siku ya heri aliingiza mia na arobaini.

Namba nyingi hata hakuzitafuta. Luhaga wa Bukundi, 2086. Mboje wa Migato, 1153. Alikuwa nazo kichwani, na alipenda watu wajue kwamba anazo. Mezani kwake ilikaa kalamu nyekundu ambayo hakuna aliyethubutu kuiazima. Karatasi aliyoisoma akairidhia aliitia tiki, na palipo na kosa alizungushia duara, hata kama lilikuwa tangazo la kikao lililobandikwa ukutani.

Halafu akaja Elina.

Elina alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Morogoro, mtoto wa mwalimu, na ng'ombe aliyemjua kwa karibu ni yule wa buchani. Aliletwa mwezi wa nane, kwa sababu mradi ulikuwa unabadilisha hereni za mkoa mzima, Meatu ikiwamo, na fomu zilikuwa zimejaa maboksi kumi na manne kwenye korido. Siku ya kwanza alipiga goti kidogo mbele ya Specioza, akamwamkia, "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye kila kitu hapa." Specioza akaitikia marahaba, na moyo wake ukamkubali binti yule kwa muda wa kama saa mbili hivi.

Saa mbili, kwa sababu ilipofika chai Elina alikuwa tayari ameuliza kwa nini amri zinaandikwa kwa mkono.

"Sasa ziandikwe kwa mguu?" Specioza alimjibu, na wote wakacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Wiki mbili baadaye hakucheka tena. Elina alikuwa ameandika programu. Fomu zilipigwa chapa na vibarua zikawa faili, programu ikaisoma faili mstari kwa mstari, na kwa kila mstari ikatunga amri yake yenyewe. Bosi wao, Constantine, mtu mwembamba aliyependa kusimama nyuma ya viti vya watu, alitaka aelezwe, na Elina akamweleza huku Specioza akijifanya anapanga mafaili.

"Mama Precious anaipa kanzidata namba," Elina alisema. "Mimi siipi namba, naipa swali. Naiambia: muingize ng'ombe huyu, na mwenye mali wake ni yule utakayempata ukitafuta mkuu wa kaya ya Luhaga. Kaya ipi ya Luhaga? Ile iliyo kwenye kijiji utakachokipata ukitafuta Bukundi. Swali ndani ya swali, ndani ya amri moja. Hiyo ndiyo kwiri yangu. Na maswali hayo siyaandiki mimi. Programu inaangalia fomu ina nini, inayatunga yenyewe, inayapachika. Fomu ikikosa kijiji, inauliza kwa kata."

"Kwa siku zinaingia ngapi?" Constantine aliuliza.

"Jana nilijaribu na fomu za Itilima. Elfu tatu mia moja na kumi na mbili, kabla ya chai."

Constantine alipiga mluzi. Katika miaka kumi na mmoja Specioza hakuwahi kumsikia mtu yeyote akipiga mluzi kwa ajili ya kazi yake.

Ulikuwa wivu, na tusiupake rangi. Wapo wanaosema wana uchungu na kazi, au wanajali utaratibu, au hawapendi vijana wasio na adabu. Elina adabu alikuwa nayo ya kumwaga, na hiyo ndiyo iliyomuudhi Specioza zaidi, maana hakupata pa kumshikia. Aliona wivu wa kiti kipya cha magurudumu alicholetewa binti yule. Aliona wivu maofisa wa uwandani waliporudi na vumbi lao na kupita mezani kwake kwenda kumsalimia Elina kwanza. Aliona wivu wa kompyuta yake mpakato iliyobandikwa vipicha vya katuni. Jumapili moja mwanawe mwenyewe, Precious, aliyekuwa chuoni Mwanza, alimpigia simu wakaongea vizuri, kisha mwishoni akasema, "Mama, huyo dada Elina uliyenisimulia, hawezi kunifundisha hayo mambo yake?" Specioza alisema mtandao unakatika, akakata simu. Siku hiyo mboga zilimuungulia jikoni na hakusikia harufu.

Lakini lililomchoma kuliko yote ni lile aliloambiwa mlinzi wa getini. Mzee mmoja wa Dutwa alifika akiulizia hereni ya dume lake, naye Constantine akapaza sauti kutoka dirishani: "Muulize Elina."

Sasa turudi nyuma siku chache tu, kwa sababu kuna jambo ambalo Specioza angependa tulisahau. Kabla ya kuanza fomu za Meatu, Elina alivuta kiti chake cha magurudumu mpaka mezani kwake, akauliza kwa upole: "Mama, kuna kitu kwenye fomu hizi ambacho natakiwa nikijue kabla sijaanza?"

Na kitu kilikuwepo. Mwisho wa kila fomu kulikuwa na safu nyembamba iliyoandikwa "Maelezo", na maofisa waliijaza au kuiacha wazi kama walivyojisikia. Humo ndimo mlimokuwa na maneno kama "wa Mboje, Migato", au "amewekwa na shemeji", au "si wa hapa". Specioza alikuwa akiisoma safu hiyo kila mara kabla ya kuandika namba ya mwenye mali. Hakuna mwongozo uliomtaka afanye hivyo. Alifanya kwa sababu yeye ni Msukuma na baba yake alikuwa na ng'ombe. Msukuma mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki aliye mbali, ili ugonjwa ukiingia kwake, au malisho yakikauka, au wezi wakimtembelea, wasimmalize. Rafiki anakamua maziwa, analimia, na baada ya miaka anapewa ndama wa shukrani. Haiandikwi karatasi. Ni maneno ya watu wawili, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe hata akizeekea kwa mwingine.

Hayo yote alikuwa nayo mdomoni. Alimtazama Elina, akatazama kile kiti, akasema, "Fomu ni fomu tu, mwanangu. Isome ilivyo."

Ijumaa iliyofuata Constantine akaagiza kwamba kabla Meatu haijaingizwa, kwiri ile ichapwe kwenye karatasi na Mama Precious aipitie. Alisema hivyo ili kumpa heshima yake, na Specioza alilijua hilo. Heshima ya kugawiwa humtia mtu uchungu kuliko dharau. Alivaa miwani, akaisoma kwiri ya Elina kuanzia juu, polepole, akiomba kimoyomoyo akute kosa.

Kwanza ilimuumiza kwa uzuri wake. Maswali yalikaa ndani ya maswali kama sufuria za duka moja, kila mabano yakifunga yalipofungua. Angekaa mwaka mzima na asingeweza kuitunga. Kisha akafika mstari wa mwenye mali. Swali lilisema: tafuta namba ya mkuu wa kaya ambayo ng'ombe amekutwa zizini mwake. Basi. Safu ya Maelezo haikuulizwa popote, wala programu haikuisoma.

Mkono wake ukafanya kile ulichozoea. Kalamu nyekundu ikazunguka mstari ule, duara safi, kabla mwenyewe hajaamua lolote.

Alikaa akilitazama. Aliona vizuri litakalotokea: kila ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki ataandikwa kuwa mali ya huyo rafiki. Alijua pia kwamba ikitokea hivyo, watu watakuja juu, na Constantine atasema yale maneno ya zamani. Muulize Mama Precious. Aliyatamani kama mgonjwa anavyotamani kitu kichachu. Akafungua droo, akaiweka karatasi humo, akafunga.

"Umeipitia, mama?" Elina aliuliza kutoka upande wa pili.

"Nimeipitia," alisema Specioza, na hilo halikuwa uongo.

Elina akabonyeza. Bukundi nzima iliingia kabla maji ya chai hayajachemka.

Vyeti vya umiliki vilichapwa, orodha zikabandikwa kwenye ofisi za kata kwa siku kumi na nne, mwenye pingamizi aseme. Hakusema mtu. Wenye ng'ombe waliowekwa Bukundi walikuwa Migato, na Mwandoya, na kwingineko, na nani atakwenda kusoma ubao wa kata isiyo yake? Specioza alisubiri kelele siku ya kwanza, ya pili, wiki ya kwanza, ya pili. Kimya. Elina akaandikiwa barua ya pongezi. Specioza alimpa mkono wa hongera, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

Aliyekuja alikuja wiki ya nne, Jumanne asubuhi, na hakuja kwa kelele. Alikuwa bibi mrefu aliyejifunga kitenge cheusi, viatu amevishika mkononi kwa kuogopa kuchafua sakafu. Alisimama mlangoni akauliza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno: "Mama Precious ni yupi?"

Ofisi nzima ikamnyooshea kidole Specioza. Hata Elina alinyoosha. Dakika ile aliyoisubiri tangu mwezi wa nane ilikuwa imefika, na hakuifurahia.

"Mwangaluka, mayu," alisema kwa Kisukuma, akimwamkia bibi kama mama yake, akainuka kumpisha kiti.

"Mwangaluka, ng'wana Ngeleja." Bibi alimwita kwa jina la baba yake, mtoto wa Ngeleja, akakaa ukingoni mwa kiti. "Mimi Nyanjige. Mke wa Mboje wa Migato. Mume wangu alifariki mwaka jana. Alipokuwa anaumwa aliniambia, ng'ombe wetu saba wako kwa Luhaga, Bukundi. Akasema pakitokea neno, nenda Bariadi, muulize Mama Precious, yeye anajua."

Specioza alijua. Mboje, 1153. Ng'ombe saba kwenye zizi la Luhaga, 2086. Wa kwanza wao alimwingiza yeye mwenyewe miaka saba iliyopita, na hereni zilipobadilishwa mwaka huu ndipo wote walipoandikwa upya.

"Luhaga naye amefariki mwezi wa sita," Nyanjige aliendelea. "Alikuwa mtu mzuri. Nimekwenda kuwachukua ng'ombe, maana wajukuu wako shule na mimi silimi tena. Vijana wa Luhaga wamenionyesha karatasi. Ina mhuri. Inasema ng'ombe wote ni wa baba yao. Mkubwa wao, Masunga, nimembeba mgongoni huyo, ameniambia: mayu, sisi hatukukatalii, karatasi ndiyo imekataa." Akavipakata viatu vyake. "Mmoja wameshampeleka mnadani. Yule mwenye baka jeupe begani. Ndiye alikuwa mama yao wote."

Constantine alikuwa ameshatoka chumbani mwake na kusimama nyuma ya viti. Alimtazama Elina. Elina alikuwa ameshafungua kanzidata, anatafuta, na uso wake ulikuwa unabadilika kadiri alivyosoma.

"Ni kweli," Elina alisema kwa sauti ndogo. "Wote nimewaandika kwa mkuu wa kaya. Sikujua kama ng'ombe anaweza kukaa kwa mtu asiye mwenyewe."

"Wangapi wameingia hivyo?" Constantine aliuliza.

"Sijui. Labda mamia."

"Mamia." Alisema kwa utulivu, na ule utulivu ulikuwa mbaya. "Binti, hapa si Morogoro. Hapa ng'ombe ni ugomvi wa vizazi vitatu. Kwanza mchukue bibi maelezo yake kwa maandishi. Halafu nitakuandikia barua urudi ulikotoka."

Elina akachukua karatasi, akaja kuketi kando ya Nyanjige. Kalamu yake ikagoma kuandika. Specioza alikuwa akimtazama bibi, macho yake hayatoki kwenye vile viatu vilivyoshikwa mkononi, na hakuwahi kumzuia. Elina alifungua droo ya Specioza kutafuta kalamu nyingine.

Karatasi ilikuwa juu ya vyote. Elina aliitambua kwiri yake kabla hata ya kuisoma. Aliitoa. Akaliona duara.

"Mama," alisema Elina. Hakupaza sauti. "Hili duara ulilitia lini?"

Specioza angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi, nilipohisi jambo. Uongo wa aina hiyo ulikuwa karibu na ulimi wake kuliko mate.

"Ijumaa ile," alisema.

"Kabla sijabonyeza?"

"Kabla."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza mara mbili."

Elina aliiweka karatasi mezani, upande ulioandikwa ukiwa juu, akachukua ile kalamu nyekundu isiyoazimwa, akaanza kuandika maelezo ya Nyanjige: jina, kijiji, ng'ombe wangapi, rangi gani. Specioza alingoja atukanwe na hakutukanwa, akabaki amesimama katikati ya ofisi asijue aweke wapi mikono.

Kisha akamgeukia Constantine. "Hiyo barua iandike yangu," alisema. "Huyu mtoto hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Watu kumi na mmoja walikuwa wakimsikiliza. "Kwa wivu," alisema. "Sina neno jingine la kukupa."

Barua aliandikiwa kweli, ya onyo kali, ikawekwa kwenye faili lake lililokuwa halijawahi kuwa na barua mbaya. Elina alibakizwa. Lakini barua hairudishi ng'ombe. Kwa hiyo kuanzia Jumatano wanawake hao wawili waliwekwa meza moja, na hiyo ilikuwa adhabu kali kuliko barua.

Kwa siku tatu Specioza alitoa vilivyokuwa kichwani mwake. Maofisa waliandika kila mmoja kwa mtindo wake. Yule wa Mwandoya akiandika "mgeni" alimaanisha ng'ombe aliyewekwa, yule wa Bukundi akiandika "mgeni" alimaanisha ng'ombe aliyenunuliwa. Wengine waliandika jina la mwenye mali kwa kifupi, wengine kwa jina la baba yake, wengine walichora mshale tu. Walihesabu namna mia nne na kumi na sita za kusema jambo moja, na Specioza alizifasiri zote, huyu ni fulani wa kijiji fulani, huyu ni yule mwenye kinu. Elina aliziandika kwenye jedwali jipya. Kisha akaibadilisha programu ili itunge swali moja zaidi, lile lililopaswa kuwapo tangu mwanzo: kwanza litazame jedwali la Maelezo, ukimkuta mwenye mali humo mchukue huyo, usipomkuta ndipo umchukue mkuu wa kaya.

Siku zote tatu binti yule alizungumza naye maneno ya kazi tu. "Huyu ni nani, mama?" "Na huyu?" Shikamoo alimpa kila asubuhi, kavu, kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio. Specioza aligundua kwamba alikuwa ameyazoea maneno ya binti yule kuliko alivyodhani.

Jumamosi kwiri mpya ilichapwa. Specioza aliisoma mara mbili. Akaitia tiki nyekundu, akampa Elina mkononi, na Elina akaisoma tena yeye mwenyewe kuanzia juu mpaka chini kabla ya kubonyeza. Ilikuwa haki yake. Lakini iliuma.

Na hapo ndipo Specioza alipolielewa jambo jingine, amechelewa kidogo. Wiki iliyofuata simu ilipigwa kutoka Mwandoya kuulizia ng'ombe wa nani yuko kwa nani. Kibarua wa mapokezi, asiye na hata miezi miwili ofisini, akaandika jina, akabonyeza, akasoma jibu. Hakumuuliza Mama Precious. Hakumuuliza Elina pia. Vyote alivyovibania miaka kumi na mmoja vilikuwa vimekaa kwenye jedwali, na yeyote mwenye vidole angeweza kuvisoma.

Cheti cha Nyanjige kilisahihishwa na vijana wa Luhaga hawakubisha, kwani karatasi ndiyo iliyokuwa imekubali sasa. Ng'ombe sita walivuka kwenda Migato. Yule mwenye baka jeupe begani hakurudi, maana alikwishaliwa.

Mwezi mmoja baada ya hapo bibi alikuja tena, viatu mkononi vilevile. Kwapani alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, kimefungwa kizibo kwa ukambaa. Alipita meza zote mpaka ya Specioza, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili na kumshukuru.

"Wabeja, ng'wana Ngeleja. Mume wangu alisema kweli. Haya maziwa ni ya binti wa yule ng'ombe aliyechinjwa."

Bibi hakujua. Siku ile ya kwanza bibi alikuwapo, ndiyo, lakini wao walikuwa wamesemezana Kiswahili cha harakaharaka, na yeye alikuwa ameelewa tu kwamba Mama Precious amesimama akamtetea mtu. Elina aliinamisha kichwa kwenye kompyuta yake. Hakuna ambaye angemsahihisha bibi, na Specioza alilijua hilo. Kibuyu kilikuwa cheusi, kimeng'aa kwa mafuta, kinanukia moshi wa nyumbani kwa mama yake. Alikitaka. Katika mwaka ule hakuna kitu alichokitaka kama kibuyu kile.

Alizungumza Kisukuma, ili pasiwe na neno litakalopotea. Alimwambia bibi kwamba aliliona kosa mapema. Kwamba alinyamaza kwa sababu ya kijicho. Kwamba yule mwenye baka jeupe begani angekuwa hai. Na kwamba aliyewarudisha hao sita ni binti yule pale, aliyetunga swali jipya.

Nyanjige alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaani, wala hakumwambia yamekwisha. Alinyoosha mikono, akakiinua kibuyu kutoka mezani, akatembea hatua nane mpaka kwa Elina, akakiweka pale.

Na hata hapo Specioza aliona wivu. Alikuwa amekiri, alikuwa amesema kweli mbele ya watu na mbele ya bibi, na bado alipokiona kibuyu kimekaa kando ya ile kompyuta yenye katuni, roho ilimuuma palepale pa zamani.

Elina alimshukuru bibi kwa kupiga goti. Kisha akakigeuza kibuyu huku na huku, akashika kizibo, akasita. Kwao Morogoro maziwa yalikuja kwenye pakiti. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akamtazama Specioza usoni.

"Mama, kuna kitu natakiwa nikijue kabla sijafungua?"

Specioza alivuta pumzi.

"Usikitikise," alisema. "Kimesafiri, kina hewa ndani, kitakurukia. Fungua ukambaa kwanza, kisha zungusha kizibo taratibu, uso uweke pembeni. Ngoja, nije nikushikie."

Akainuka, akaenda kumshikia.